Shilingi ya Waziri: Jinsi ya Kupima Kauli za Wabunge

Kila mwaka kuanzia Aprili, Bunge likikaa Dodoma kwa mkutano wa bajeti, simu zetu hujaa vipande vya video. Mbunge kasimama, sauti imepanda, anadai barabara, maji au mafao ya wastaafu. Watu wanasambaza na kupongeza. Sisi tunaochambua mijadala ya Bunge huulizwa swali moja mara kwa mara: mbona wanasema kila mwaka na mambo yako vilevile? Kabla ya kujibu, lazima ujue mbunge huyo alikuwa katika hatua gani ya mjadala aliposema.

Video nyingi zinatokana na michango ya jumla. Hapo mbunge ana dakika chache tu, na anaweza kuishambulia wizara mwanzo hadi mwisho kisha akafunga kwa "naunga mkono hoja". Yote aliyoyasema kabla ya hapo ni ushauri. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali, kwa hiyo ushauri si kitu cha kubezwa. Suala la kikokotoo cha pensheni, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu, lilisemwa bungeni mara nyingi, na vyama vya wafanyakazi navyo havikunyamaza, hadi hotuba ya bajeti ya Juni 2024 ilipotangaza kupandisha malipo ya mkupuo, yale anayopewa mstaafu kwa mara moja, kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa waliokuwa wakilipwa asilimia 50 kabla ya mabadiliko ya 2022. Lakini ushauri haumfungi Waziri.

Hatua yenye meno ni Kamati ya Matumizi, pale Bunge zima linapokaa kama kamati kupitisha mafungu ya fedha ya wizara. Likifikiwa fungu lenye mshahara wa Waziri, mbunge husimama na kueleza jambo moja la kisera analotaka ufafanuzi wake, akitahadharisha kwamba asiporidhika atashika shilingi. Waziri anajibu. Mbunge asiporidhika, anatoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara huo, na wenzake wanasimama kumuunga mkono au kumpinga. Kifedha shilingi hiyo haina maana. Uzito wake ni kwamba Waziri sasa analazimika kujibu jambo hilohilo, mbele ya Bunge zima, bila kujificha nyuma ya majibu ya jumla. Mara nyingi anatoa ahadi, na mbunge anairudisha shilingi. Ahadi hiyo inaingia kwenye Hansard, yaani Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, na kwa maoni yangu ndiyo kauli yenye thamani kubwa kuliko zote katika mkutano wa bajeti. Inasikitisha kwamba ni wachache wanaoirekodi na kuifuatilia. Muda nao ni mfupi: ukiisha, mafungu yaliyobaki hupitishwa kwa pamoja kwa gilotini.

Kwenye kodi na tozo, angalia Muswada wa Sheria ya Fedha, ambao hufika mwezi Juni. Tozo ya miamala ya simu iliyoanza kukatwa Julai 15, 2021 ilitokana na sheria iliyopitishwa bungeni Juni mwaka huo. Malalamiko makubwa yalianza wananchi walipokwisha kukatwa. Ilipunguzwa baadaye, ndiyo, lakini mahali pa kuizuia palikuwa kwenye muswada. Mbunge anayetaka kubadili kifungu huwasilisha jedwali la marekebisho kwa maandishi. Kwa hiyo mbunge wako akikwambia "nililipinga hili bungeni", muulize bila kumvunjia heshima: Mheshimiwa, ulileta jedwali la marekebisho? Kifungu gani?

Upigaji kura nao una tofauti zake. Hoja nyingi huamuliwa kwa sauti, waliosema "ndiyo" dhidi ya waliosema "siyo", na huwezi kujua nani alisema nini. Bajeti ya Serikali ni tofauti: kila mbunge huitwa kwa jina na kura yake huandikwa.

Yote haya yamo kwenye Hansard, ambayo hupatikana bure kwenye tovuti ya Bunge. Chukua tarehe ya ile video uliyotumiwa, fungua taarifa ya siku hiyo, tafuta jina la mbunge, kisha usome Waziri alijibu nini. Na muswada unapokuwa mbele ya kamati ya Bunge inayouchambua, wadau hualikwa kutoa maoni. Maoni ya maandishi yanayotaja namba ya kifungu na kupendekeza maneno mbadala humpa mjumbe wa kamati kitu cha kushika mkononi.