Friji Mbovu Isiishie Korongoni

Mvua za Dodoma zikikaribia, makorongo yetu mengi huwa yamekwisha kujazwa: masofa yaliyochanika, magodoro, majokofu yaliyokufa. Maji yakishuka kwa nguvu huvisomba hadi kwenye kalavati, zinaziba, na nyumba za bondeni ndizo zinazoingiliwa. Kwa hiyo panga mapema, kungali kiangazi.

Kinachotusumbua zaidi sisi wa afya mazingira ni friji. Mnunuzi wa vyuma chakavu akifika na guta lake, mara nyingi huanza kwa kukata bomba la shaba nyuma. Ule mlio wa "fssss" ni gesi inayotoka. Kilo moja ya R134a, mojawapo ya gesi hizo za friji, hupasha joto dunia kuliko kilo 1,000 za hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. R12 ya friji za zamani huharibu pia tabaka la ozoni. R600a ya friji nyingi mpya ina afadhali kwa hali ya hewa, ila inawaka upesi. Usikubali ikatwe karibu na jiko la mkaa. Aina ya gesi imeandikwa kwenye kibandiko, ndani ya friji au jirani na kompresa. Isome, umwite fundi mwenye mashine ya kunyonya gesi, ndipo uuze chuma. Na mlango ung'oe siku hiyohiyo friji inapotoka jikoni, kwa sababu mtoto akijifungia humo hewa humwishia na kilio chake hakisikiki.

TV ya kichogo usiivunje, kioo chake kina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Godoro la sponji usilichome: moshi wake una sianidi, sumu kali. Mbao na springi za sofa, mafundi sofa wanazichukua.

Visivyo na mtu wa kuvichukua, nenda kwa mtendaji wa mtaa au afisa afya wa kata. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezipa halmashauri jukumu la taka ngumu, hivyo hauombi hisani. Taja kitu, ukubwa wake, na kama gari linafika mlangoni. Ulizia gharama na siku, na usikitoe barabarani kabla ya siku hiyo. Ukikodi kirikuu, kubaliana kabisa kwamba mzigo unakwenda dampo la Chidaya, mlipe dereva nusu kwanza, na kijana wako apande naye hadi ushushwe.