Jerontolojia ni nini, na masta yake inatofautianaje na ya afya ya jamii

Ukimwambia mtu unasoma masta ya jerontolojia jibu la kwanza ni "aah, kwa hiyo unakuwa daktari wa wazee". Sio hivyo. Daktari wa wazee anasoma udaktari kwanza miaka yote ile, halafu ndio anabobea kwenye kutibu wazee, na fani yake inaitwa jeriatria, neno alilolitoa daktari Ignatz Nascher mwaka 1909. Jerontolojia ilishapata jina miaka sita kabla yake, 1903, kutoka kwa Élie Metchnikoff, yule aliyekuja kupata Nobeli mwaka 1908 kwa kazi yake ya kinga ya mwili. Hii ni elimu ya kuzeeka kwenyewe, yani mwili unavyochakaa, kumbukumbu inavyobadilika, lakini pia kustaafu, upweke, nyumba, hela, nani anamtunza nani na anachokaje. Kwa hiyo darasani utakuta nesi, ofisa ustawi wa jamii, mtu wa saikolojia, mchumi, hata mchora ramani za nyumba, na wote wana haki ya kuwa pale.

Afya ya jamii nayo ni kitu kingine. Mgonjwa wako hapo ni watu wengi kwa pamoja, na kazi kubwa ni kuzuia kabla watu hawajafika hospitali.

Ngoja nichukue kisa kimoja kidogo maana bila hivyo inabaki maneno matupu. Bibi wa miaka 78 anaamka saa nane usiku kwenda chooni, balbu ya kwenye korido imeungua wiki nzima, kandambili zimelika soli, na jioni kameza dawa ya presha, zile zinazoleta mkojo mara kwa mara. Anateleza, nyonga inavunjika. Daktari anashughulika na nyonga. Mtu wa jerontolojia anauliza anaishi na nani, macho yalipimwa lini mara ya mwisho, nani alitakiwa kubadilisha ile balbu, na hasa hasa nini kinatokea baada ya kupona, kwa sababu wengi wanaanza kuogopa kuanguka tena, wanaacha kutembea, misuli inazidi kulegea na hapo ndio uwezekano wa kuanguka unapanda zaidi. Mtu wa afya ya jamii anauliza wako wangapi kama yeye, wanaanguka wapi zaidi, mazoezi ya balansi yanapunguza kwa kiasi gani, na kama sheria za ujenzi zingedai vishikio chooni ingesaidia watu wangapi. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 wanakufa kila mwaka kwa kuanguka, na wanaokufa zaidi ni wenye umri unaozidi miaka 60. Kwa hiyo maswali yote haya yanahitajika na hakuna fani inayoweza kuyajibu peke yake.

Sasa tuje kwenye digrii zenyewe. MPH ndio masta ya afya ya jamii inayojulikana zaidi, na imejengwa kwa ajili ya kazi. Kwa kawaida ina nguzo tano, takwimu za afya, epidemiolojia (yani magonjwa yanavyosambaa kwa watu na kwa nini), afya ya mazingira, sera na uongozi wa huduma za afya, na tabia za watu. Kuna fild, na mwisho vyuo vingi vinataka mradi wa kutatua tatizo halisi badala ya tasnifu nene. Marekani chuo chenye ithibati lazima kikupe angalau krediti 42. Ukiona imeandikwa MSc, yani masta ya sayansi, badala ya MPH mara nyingi ina maana uzito umehamia kwenye utafiti, takwimu nyingi na tasnifu, ila usiamini jina peke yake, fungua orodha ya kozi uisome moja moja maana vyuo vinatofautiana sana.

Masta ya jerontolojia inakuwa na biolojia ya uzee, saikolojia ya uzee, sera za pensheni na huduma za muda mrefu, na fild kwenye makao ya wazee au taasisi zinazowahudumia. Chuo Kikuu cha Southern California kilifungua skuli nzima ya jerontolojia mwaka 1975, ila kwa ujumla programu hizi ni chache ukilinganisha na MPH. Ndio maana watu wengi wanapita katikati, wanachukua MPH yenye mchepuo wa uzee, au wanaongeza cheti cha jerontolojia juu ya masta yao, au wanasoma digrii mbili kwa pamoja ambapo baadhi ya kozi zinahesabiwa pande zote na muda unapungua. Kama tayari uko kazini na hujui kama hii fani itakukaa, mimi ningeanza na cheti. Juu ya hapo kuna uzamivu, PhD kwa anayetaka kutafiti na kufundisha, na DrPH, yani uzamivu wa afya ya jamii, kwa anayetaka kuongoza mipango na taasisi za afya.

Kitu kimoja ambacho jerontolojia inakupa na MPH ya kawaida inaweza kukupitisha juu juu, ni kutenganisha umri na kizazi. Mfano unafanya utafiti unakuta watu wa miaka 80 wanapata alama ndogo kwenye mtihani wa kumbukumbu kuliko wa miaka 50. Haraka haraka unaandika "uzee unapunguza kumbukumbu". Lakini wale wa miaka 80 huenda walikaa shule miaka michache kuliko wale wa 50, walikula vibaya utotoni, na hawajawahi kufanya mtihani wa aina hiyo maishani, kwa hiyo sehemu ya tofauti ni ya kizazi chao, sio ya umri. Ili kujua inabidi umfuate mtu yule yule miaka mingi, na hata hapo kuna shida, wanaobaki hai mpaka mwisho wa utafiti ndio waliokuwa imara tangu mwanzo. Na ile safu ya "60 na zaidi" kwenye majedwali inaniuma sana, mtu wa 61 anayeendesha biashara yake anawekwa kapu moja na wa 94 asiyeweza kujigeuza kitandani, halafu mpango unatungwa kwa wastani wao ambao haumfai yeyote kati yao.

Na hawa sio watu wachache. Ifikapo 2030 mtu 1 kati ya 6 duniani atakuwa na miaka 60 au zaidi, 2050 watafika bilioni 2.1, na asilimia 80 yao watakuwa kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Umoja wa Mataifa umeitenga 2021 mpaka 2030 kuwa muongo wa kuzeeka kwa afya.

Kabla hujalipa ada yoyote andikia idara uwaulize vitu viwili, wanafunzi wa mwaka uliopita walifanyia fild wapi, na nani kati ya walimu anafanya utafiti wa wazee kwa sasa. Kama mchepuo wa uzee upo kwenye prospektasi lakini hakuna hata mwalimu mmoja anayeufanyia kazi, hapo utasoma MPH ya kawaida tu, kwa hiyo hiyo ada ipeleke kwingine.