Rangi za Nyaya za Kebo ya Mtandao Zina Kazi

Kwa miaka mingi imesemwa kwamba mpangilio wa rangi katika kebo ya mtandao hauna maana, mradi ncha zote mbili zifanane. Ni kweli nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoharibu kazi. Taa za testa, kifaa cha kupimia kebo, zitawaka kwa zamu kuanzia 1 hadi 8, kwa sababu testa ya bei nafuu hupima tu kama waya umeunganika. Lakini nyaya hizo 8 zimesokotwa katika jozi 4, na msokoto huo ndio unaozuia mawimbi ya jozi moja kuingilia nyingine. Plagi ya RJ45, ile ya kwenye ncha ya kebo, inataka pini ya 3 na ya 6 zitumie jozi moja, ambayo katika mpangilio wa kawaida wa rangi uitwao T568B ni nyeupe-kijani na kijani, huku buluu na nyeupe-buluu zikikaa katikati yake. Anayepanga jozi kandokando, moja baada ya nyingine, huzipa pini ya 3 na ya 6 nyaya za jozi tofauti bila kujua. Kebo fupi huenda ikavumilia, ila ndefu hupoteza data na kasi hushuka. Hata mpangilio ukiwa sahihi, kwa kebo ya daraja la Cat 5e msokoto usifumuliwe zaidi ya milimita 13. Ukizidi, ni heri kukata na kubana plagi nyingine.