Michoro Michafu Haikunyimi Nafasi

Vijana wengi wa Kisumu wanaoomba kusomea usanifu wa bidhaa Marekani hudhani potifolio, yaani mkusanyo wa kazi anazotuma mwombaji, ni maonyesho ya picha safi tu, basi kurasa zilizofutwafutwa huishia jalalani. Sivyo. Rhode Island School of Design, chuo cha sanaa na usanifu cha huko, huomba kazi 12 hadi 20, na hupendekeza baadhi zionyeshe utafiti na majaribio ya awali. Wanaopima wanataka kuona unavyofikiri, na mkono mzuri peke yake hauwaonyeshi hilo.

Tuseme umebuni kigoda cha mama muuza samaki wa Dunga, ufuoni mwa ziwa hapo Kisumu. Picha ya kigoda kilichokamilika iweke, lakini weka pia mchoro wa kwanza wenye vipimo vilivyokatwa kwa kalamu, kielelezo cha katoni kilicholala upande, na sentensi moja: miguu ilizama matopeni, nikaipanua nyayo. Hapo kuna hoja. Sura ya mwigizaji iliyonakiliwa kwa penseli, hata ifanane vipi, haina (na hizo wanaletewa tele).

Vyuo vikuu vya umma vya hapa nchini ni habari nyingine: KUCCPS, taasisi inayogawa nafasi za vyuo, hupanga wanafunzi kwa alama za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari; haiulizi daftari la michoro.