Dakika ya pembe: usahihi wa bunduki ya kiwandani na ile ya fundi

Mwindaji akisema bunduki yake inapiga "dakika moja", anataja pembe. Duara lina digrii 360, kila digrii ina dakika 60, na dakika moja ni pembe nyembamba sana: mistari yake miwili ikianza pamoja, inapofika mita 100 huwa imeachana kwa milimita 29 tu. Mita 200 ni milimita 58, mita 300 ni milimita 87.

Kwa bunduki, hesabu hufanywa kwenye karatasi. Bunduki huegemezwa mahali imara, risasi kadhaa hupigwa kwa kulenga alama ileile, kisha hupimwa umbali kati ya vitovu vya matundu mawili yaliyo mbali zaidi. Ukiwa milimita 29 kwa mita 100, hiyo ndiyo dakika moja.

Watu wengi wanaposikia hivyo hudhani kipimo hiki kinaonyesha kama bunduki inapiga katikati. Hapana. Kinaonyesha mshikamano, yaani matundu yamekusanyika kiasi gani, hata kama kundi lote limeangukia kando ya shabaha. Yeyote aliyefanya kazi kwenye karakana ya kukereza chuma ataelewa haraka. Mashine ikitoa shafti 10, zote nene kupita kiasi kwa milimita 0.05 ileile, fundi anarekebisha kisu na kazi inaendelea. Lakini kama moja ni nene, ya pili nyembamba, ya tatu katikati, hakuna marekebisho yatakayookoa kazi hiyo, kwa sababu mashine yenyewe imelegea. Kwenye bunduki, kundi lililoshikamana lakini limekosa katikati huhamishwa kwa kuzungusha vitufe vya darubini ya kulengea iliyofungwa juu ya bunduki. Kundi lililotawanyika haliponi kwa darubini.

Mtu aliyeunganisha karakana na bunduki kwa namna hii alikuwa Mwingereza Joseph Whitworth. Mafundi wetu wanalijua jina lake kwenye nati na bolti, kwa sababu mwaka 1841 alipendekeza kipimo kimoja cha meno ya skrubu. Baadaye serikali yake ilimtaka achunguze bunduki ya jeshi, Enfield. Akatengeneza ya kwake, yenye mtutu mwembamba zaidi na tundu la pembe sita, kwa uangalifu wa vipimo ambao viwanda vya silaha vya wakati huo havikuuzoea. Katika majaribio ya mwaka 1857 iliishinda Enfield kwa mbali. Mwaka 1860, huko Wimbledon, Malkia Victoria alifyatua bunduki ya Whitworth iliyofungwa kwenye kiegemeo, na kwa umbali wa karibu mita 366 risasi ikaangukia sentimita chache tu kutoka katikati. Hata hivyo jeshi halikuichukua. Ilikuwa ghali, na mtutu wake ulichafuka upesi kwa masizi ya baruti. Mabishano ya bei dhidi ya usahihi, basi, yana zaidi ya karne moja na nusu.

Fundi wa leo anayetengeneza bunduki moja moja kwa agizo la mteja hufanya nini cha pekee? Huchagua mtutu ambao ndani yake umesuguliwa hadi upana wake haubadiliki kutoka mwanzo hadi mwisho. Huchonga chemba ya risasi ikae sawasawa na mhimili wa mtutu. Huhakikisha meno ya komeo (chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma) yanagusa chuma kwa uzito sawa pande zote. Hukata mdomo wa mtutu bila kasoro, kwa sababu hapo ndipo risasi inapoachana na chuma, na mkwaruzo mdogo upande mmoja huruhusu gesi kuisukuma kombo. Huacha mtutu ukae huru bila kugusa mbao ya kitako. Kazi hii huchukua saa nyingi za mtu mmoja, ndiyo maana bunduki ya namna hiyo hugharimu maelfu ya dola, wakati ya kiwandani hupatikana Marekani kwa mia kadhaa.

Kiwanda nacho hakijalala. Mitutu mingi sasa hufuliwa kwa nyundo za mashine juu ya pini yenye mifuo, inayoacha ndani ya mtutu mistari ya kuizungusha risasi, mbinu iliyokuzwa Ujerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na sehemu nyingine hukatwa na mashine zinazoongozwa na kompyuta. Bunduki ya Tikka T3 ya Finland, iliyotoka mwaka 2003, ilizoesha watu kutegemea dakika moja kutoka kwenye bunduki ya bei ya kati. Kampuni ya Weatherby huahidi kundi lililo chini ya dakika moja, kwa risasi 3, kwa yadi 100 (karibu mita 91), zikitumika risasi za ubora wa juu.

Zitazame hizo risasi 3. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea, na ningependa lisomwe polepole. Kadiri unavyopiga risasi nyingi, ndivyo kundi linavyopanuka, kwa sababu kila risasi inapata nafasi ya kuwa ile ya pembeni kabisa. Kwa hesabu za kawaida za mtawanyiko, kundi la risasi 10 hutarajiwa kuwa pana karibu mara 1.6 ya kundi la risasi 3 kutoka bunduki ileile. Kwa hiyo bunduki ya dakika moja kwa risasi 3 ni ya dakika moja na nusu na zaidi kidogo kwa risasi 10, bila chochote kuharibika. Na mtu akipiga makundi matano kisha akaonyesha lililo zuri kuliko yote, ametuonyesha bahati yake.

Tofauti ya kweli ya bunduki ya fundi iko hapo. Mtutu wake ukipata joto, risasi ya 10 huendelea kwenda ilikokwenda ya kwanza. Kiwandani, bunduki mbili za aina moja zilizotoka siku moja zinaweza kutofautiana, kwa kuwa vipimo vimeachiwa nafasi ili sehemu yoyote iingie kwenye bunduki yoyote. Katika mashindano ya kupiga bunduki ikiwa imelazwa juu ya meza, ambako washindi huleta makundi ya risasi 5 chini ya robo dakika, ya kiwandani haina nafasi.

Porini mambo ni mengine. Kwetu Kongo, amri-sheria ya tarehe 3 Septemba 1985 inataka kibali kwa silaha, na sheria ya uwindaji ya mwaka 1982 inataka kibali kingine. Mwenye vibali vyote viwili, akiwa kwenye miombo ya Katanga, mara nyingi hamwoni mnyama mbali zaidi ya mita 100. Sehemu ya moyo na mapafu ya swala wa wastani ina upana wa karibu sentimita 20, yaani karibu dakika 7 kwa umbali huo. Kati ya bunduki ya dakika moja na ya dakika moja na nusu kuna sentimita moja na nusu tu. Pumzi ya mtu aliyetembea juani humpotosha zaidi ya hapo, na kidole kinachovuta kifyatulio kwa pupa humpotosha zaidi tena. Kwake yeye, dola zinazobaki zina faida zaidi zikinunua risasi za aina moja, za kutosha kufanyia mazoezi mahali panaporuhusiwa, kabla ya msimu kufunguliwa.