Elimu kwa umma: Kilo zinazopotea shambani na haki ya mchumaji wa chai

Chai inapoanza kutoka kwa wingi, malalamiko kutoka mashamba ya Mufindi, Njombe, Rungwe na Usambara hapa Tanzania nayo huongezeka, na karibu yote huletwa kwa jina moja: mshahara mdogo. Karatasi zikipekuliwa, mara nyingi kinachomkatisha mtu tamaa ya kazi si bei ya kilo. Ni kilo alizochuma zisiandikwe.

Chukulia mchumaji anayepima mara nne kwa siku, na karani anaangusha nusu kilo kila mara: 14.5 inaandikwa 14. Kwa siku ni kilo 2, kwa siku 26 za kazi ni kilo 52. Hapo bado uzito wa mfuko na makato ya maji siku ya mvua. Makato ya maji yana sababu, kwani majani yaliyolowa hupima zaidi ya chai iliyomo, lakini kiwango kijulikane kabla ya kupima, na mfuko upimwe mtupu mbele yenu. Angalia stika ya Wakala wa Vipimo kwenye mizani, uone kama ni ya mwaka huu. Andika kilo zako kwenye daftari lako kila mnapopima, si mwisho wa mwezi kwa kukumbuka.

Majani mekundu nayo yana ugomvi wake. Yakishindiliwa mfukoni au kuachwa juani hupata joto, hubadilika rangi na kiwanda huyakataa. Ukishindilia, kosa ni lako. Gari likichelewa kuja kuchukua, si lako. Na hata ukiwa umekosa, kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamtaka mwajiri aeleze kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu ya deni, akupe nafasi ya kupinga, nawe ukubali kwa maandishi. Makato hayo yasizidi robo ya ujira wako wa fedha.

Kisha kuna hili la "mimi kibarua wa msimu, sina likizo". Limejibiwa mara nyingi mno. Sheria inamtaja mfanyakazi wa msimu waziwazi: anastahili likizo ya malipo. Anayelipwa kwa kilo hukokotolewa ujira wake wa wiki kwa kuangalia kipato cha wiki 13 zilizotangulia. Ndiyo maana ya lile daftari.

Anzia kwenye tawi la chama cha wafanyakazi au kwa ofisa utumishi. Isipoisha, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), huduma yake ni bure. Una siku 30 za kufungua mgogoro ikiwa umeachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine. Jaza fomu namba 1, weka saini, mpelekee mwajiri nakala kwanza na apokee kwa saini, ndipo uisajili pamoja na uthibitisho huo. Bila uthibitisho utarudishwa, na siku zinaendelea kuhesabika. Ukishasajili, usuluhishi wenyewe una siku 30 za kukamilika.

Barua kwa mkuu wa wilaya haisimamishi siku hizo, wala kumnung'unikia nyapara. Ukichelewa, omba kusamehewa kwa fomu namba 2 na ueleze ulichelewa siku ngapi na kwa nini. "Sikujua sheria" haitoshi kuwa sababu.