Nairobi mpaka New York: kilomita hazikwambii masaa

Watu wakishajua kazi yangu ni kupangia ndege njia na mafuta, swali ni lile lile, Nairobi mpaka New York ni masaa mangapi? Ukigugo unapewa kilomita kama 11,840, unagawa kwa spidi ya ndege, tuseme 900 kwa saa, unapata masaa 13 na kitu, alafu tiketi inasema 15 na unaanza kushuku.

Hizo kilomita ni za njia fupi kabisa, ile ya kuvuta uzi kwenye tufe la dunia toka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, hadi JFK, ule wa New York. Uzi unapita Sudan Kusini, unakata Sahara kwa Chad, Niger na Algeria, unatokea Morocco ndo unaingia Atlantiki. Ndege haiwezi kuufuata hivyo hivyo, manake kuna anga tunazikwepa kwa sababu ya vita, kuna mawingu ya radi pale Afrika ya kati, na kuna upepo.

Upepo ndo wenye maneno! Kule juu, futi elfu thelathini na kitu, kuna mkondo unaovuma toka magharibi kwenda mashariki, na miezi ya baridi unaweza kupita kilomita 200 kwa saa juu ya Atlantiki ya kaskazini. Kwenda unakupiga usoni, kurudi unakusukuma, ndo maana kurudi ni kama masaa 14. Hata upepo wa wastani wa kilomita 50 tu kwa saa usoni safari nzima unakula dakika 45 hivi, kwa hiyo njia ndefu kwenye upepo mpole mara nyingine inafika mapema na inakunywa mafuta kidogo kuliko ile fupi. Ongeza pia ndege kutembea chini uwanjani, sababu masaa ya tiketi yanaanza ndege ikisukumwa toka getini na yanaisha ikishapaki, na JFK foleni yake si mchezo.

Kingine, JKIA iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi, injini na mabawa vinapata kazi, so hata na njia ya kurukia ya kilomita 4 na ushee huwezi kubeba uzito wowote unaotaka. Kenya Airways walipoanza hii ruti Oktoba 2018 na Boeing 787-8 waliiweka usiku, na ubaridi wa usiku unasaidia sana kuinua tangi lililojaa.

Sasa hesabu ya saa. Tuseme kuondoka ni 23:25 saa za Nairobi na kufika 06:25 saa za New York, usiseme ni masaa saba bana, ongeza nane za tofauti ya saa unapata 15. Ila Wamarekani wanasogeza saa zao mbele kuanzia Machi mpaka Novemba, sisi hatusogezi, hapo unaongeza saba tu.